Kuitafuta nyumba ya ukoo Pangani kwa mipaka yake: shajara ya mradi

Mradi huu unahusu nyumba moja ya mawe mjini Pangani, mkoa wa Tanga, na watu waliowahi kuishi ndani yake. Tunataka kujua ilijengwa lini, ilimfikiaje baba wa babu yetu, na ni akina nani wale tunaowasomea khitma kila mwaka bila kuwajua. Naandika kila hatua inapokwisha ili mwenye nyumba kama hii, iwe Bagamoyo, Lamu, Kilwa Kivinje au Mikindani, afuate njia na aruke pale tulipokwama. Gharama zipo mwisho wa kila hatua. Majina ya watu wa ukoo siyaandiki. Walio hai hawakuomba kuanikwa, na waliokufa wana wajukuu.

14 Januari 2023: Kikao kabla ya karatasi

Niliposema nataka kuona hati za nyumba, watu walisikia neno moja tu: mirathi. Ami mkubwa akauliza mbele ya wote, "Unatafuta historia au unatafuta fungu lako?" Swali lilikuwa la haki. Mtu anayeibuka kuulizia hati miaka mingi baada ya mwenyewe kufariki, mara nyingi anafuata mali.

Tulichofanya ni kuandika karatasi ya ukurasa mmoja. Kwamba utafiti huu hauna dai lolote la mali. Kwamba hati ya asili haitoki mikononi mwa aliyenayo, tutapiga picha pale pale alipo. Kwamba kila nakala itakayopatikana itawafikia watu wa matawi yote ya ukoo siku moja. Na kwamba likijitokeza jambo zito, litafika kwa wazee kabla ya kufika kwa vijana na simu zao. Shangazi, ambaye hana ugomvi na mtu, akakubali kuwa mtunzaji wa nakala. Namshauri yeyote asiguse kasha la mtu kabla ya kikao cha namna hii. Ndugu wawili walikataa kutia saini, na walichonacho sijakiona mpaka leo.

Gharama: chakula cha kikao Sh 85,000, kuchapa na nakala Sh 6,000.

11 Februari 2023: Kasha

Kasha ni la bati, linakaa uvunguni mwa kitanda cha bibi yetu, dada yake babu. Ndani ya kanga kuukuu kulikuwa na stakabadhi za kodi za enzi ya Mwingereza, barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hati moja ya Kiarabu iliyokunjwa mara mbili. Mchwa walitoboa mikunjo yote kwa mpigo, kwa hiyo ukiikunjua hati tundu linajirudia mara nne. Mawili yako pambizoni upande wa kulia, moja liko chini pasipo na maandishi. La nne limekula jina la muuzaji. Kila kitu kingine kinasomeka, hata tarehe: 1304 hijria.

Kwa wanaotaka kukadiria mwaka haraka: zidisha mwaka wa hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622. 1304 inaangukia 1886 na 1887. Hesabu hii inatosha kujua mwaka. Ukitaka siku, tafuta programu ya kubadilisha tarehe, na bado acha nafasi ya siku moja au mbili kwa sababu ya kuandama kwa mwezi.

Picha tulizipiga kwa simu, mlangoni penye mwanga wa asubuhi, bila taa ya simu, karatasi nyeupe chini na rula pembeni. Kila picha nikaipa jina lenye tarehe, aina ya hati na ukurasa kabla sijaondoka nyumbani kwa bibi. Usiahirishe kazi hiyo. Picha mia zisizo na majina hazitofautiani na kasha lenyewe.

Hasara tuliyoikuta ni stakabadhi ambazo ndugu mmoja, kwa nia njema kabisa, alizipiga leminesheni miaka ya nyuma. Unyevu umebaki ndani ya plastiki, wino umetawanyika, na kuzitoa sasa ni kuzichana. Karatasi kuukuu iwekwe kwenye bahasha ya karatasi, si ya nailoni, mahali pakavu. Kasha tumeliinua juu ya matofali na kulisogeza mbali na ukuta.

Gharama: bahasha na brashi laini Sh 14,000. Nauli ya kutoka Dar es Salaam mpaka Pangani kupitia Tanga siihesabu hapa, nilikuwa nakwenda kumwona bibi vyovyote vile.

18 Machi 2023: Namna ya kuwauliza wazee

Nilianza na maswali ya kwenye fomu: alizaliwa mwaka gani, aliolewa mwaka gani. Hayafai. Mzee anajibu kuwa hajui, anaona aibu, na mazungumzo yanakatika.

Maswali yaliyofungua vinywa ni ya pesa na vita. "Mahari ya mama yako yalitajwa kwa rupia au kwa shilingi?" Rupia ilitumika Tanganyika mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920, kisha shilingi ikaingia. Hata ndani ya rupia kuna mpaka: ya Mjerumani ilikuwa na pesa 64, na kuanzia 1904 ikagawanywa kwa hela 100. Kwa hiyo mzee anayesimulia bei ya pesa na mwingine anayesimulia bei ya hela wamekupa tarehe bila kujua.

Halafu kuna vita. Pangani watu bado wanasema "vita vya Bushiri". Kampuni ya Kijerumani ilipewa uendeshaji wa pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar, ikaingia mjini Agosti 1888 na kupandisha bendera yake, na watu wakainuka wakiongozwa na Abushiri bin Salim al-Harthi. Julai 1889 majeshi ya Wissmann, kamanda wa Kijerumani, yaliuteka mji, na Abushiri akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Mtoto aliyezaliwa "watu walipokimbilia Bweni", kijiji cha ng'ambo ya mto, tumemweka kwenye miaka hiyo. Aliyekuwa "kigori Mwingereza anaingia" tumemweka 1916, maana Pangani ilichukuliwa Julai mwaka huo. Kwa upande wa Kikogwe, ng'ambo ya mto, alama ni mkonge: miche ya kwanza iliyoletwa na Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, ilipandwa huko mwaka 1893, na mwenye babu aliyekuja kukata mkonge hawezi kuwa na babu aliyefika kabla ya hapo kwa kazi hiyo.

Jambo moja lilirudiwa na karibu kila mtu: kwamba nyumba ilijengwa na Mwarabu ambaye nisba yake, yaani jina lake la ukoo, ndiyo tunayoitumia ukoo mzima mpaka leo, na kwamba yeye ndiye jadi yetu. Nimeliandika kama lilivyosemwa, likisubiri ushahidi.

Gharama: sukari, majani ya chai na khanga mbili Sh 41,000.

27 Mei 2023: Mlango, vigae na ukuta

Kizingiti cha juu cha mlango kina maandishi ya Kiarabu yaliyojaa rangi ya mafuta. Hatukukwangua. Tulisubiri magharibi iingie, tukaweka tochi ubavuni mwa mbao ili kivuli kiingie kwenye michoro, tukapiga picha kutoka kila upande. Baada ya bismillahi ikatokea tarakimu: 1297, yaani 1879 au 1880. Furaha ikawa kubwa, na familia ikaanza kusema nyumba ni ya 1880.

Fundi seremala tuliyekuwa naye aliuangalia mlango kwa muda mrefu, kisha akatuonyesha mambo mawili. Miimo yote miwili imekatwa chini, ua la kuchonga limeishia katikati. Na ukutani, pembeni mwa miimo, kuna ujazo wa mawe madogo na chokaa ya rangi nyingine. Mlango huu ulitengenezwa kwa uwazi mrefu zaidi ya huu. Uliletwa hapa kutoka nyumba nyingine. Milango ya kuchonga ilikuwa mali ya kuhamishika, iliuzwa, ilirithiwa, ilifuata watu. Tarehe ya mlango ni tarehe ya mlango.

Naongeza hapa kwa sababu mnunuzi kutoka nje ya mji alishafika kuuulizia: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda milango na miimo ya kuchonga ya Kiafrika au ya mashariki iliyotengenezwa nchini kabla ya 1940. Usiuze, na usikubali mtu akwambie ni mbao kuukuu tu.

Vigae vilitusaidia zaidi. Nyuma ya kigae kilichoanguka tulisoma jina la Basel Mission, Mangalore. Viwanda vile vya India vilianza kufyatua vigae 1865, na baada ya Vita Kuu vya Kwanza vikawa chini ya kampuni ya Commonwealth Trust. Kigae chenye jina la Basel Mission kwa hiyo kilifyatuliwa kabla ya mabadiliko hayo. Lakini paa nalo hubadilishwa. Chini ya paa la vigae kuna mabaki ya sakafu ya juu, ile ya boriti za mikoko zilizopangwa karibukaribu na kumwagiwa mawe na chokaa. Vyumba vina upana usiofika mita tatu kwa sababu hiyo: boriti ndiyo iliyoamua chumba kiwe na upana gani. Kwa hiyo nyumba ilianza na dari bapa, vigae vikaja baadaye. Zaidi ya hapo ukuta haukusema.

Ukuta wenyewe ulikuwa unaumwa. Mtu alishaupiga plasta ya saruji, na maji yanayopanda kutoka chini yakakosa pa kutokea, matumbawe yakawa yanamung'unyuka nyuma ya plasta ngumu. Tulibandua saruji upande mmoja na kupiga chokaa. Awamu ya kwanza ilipasuka yote ndani ya wiki, jua liliikausha haraka mno. Awamu ya pili tuliifunika kwa magunia na kuyalowanisha asubuhi na jioni, ikashika. Atakayerudia, aloweke chokaa mapema sana na asikubali fundi akitia mfuko wa saruji "kidogo tu".

Gharama: chokaa, mchanga, magunia na ufundi Sh 640,000, na karibu theluthi yake ni ile awamu iliyopasuka.

12 Agosti 2023: Upanga, na kutafuta kwa jina

Hatua hii imetumia muda mwingi na kutupa machache, lakini naieleza kwa urefu kwa sababu kila anayeanza utafiti wa ukoo huanzia hapa.

Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, ina majalada ya utawala wa Kijerumani, yale yenye namba zinazoanza na herufi G, na ya Mwingereza baada yake. Nilikwenda na orodha ya majina ya wanaume wa ukoo nikitarajia kukuta jina la babu kwenye mambo ya ardhi. Sikukuta.

Sababu ya kwanza ni tahajia. Karani wa Kijerumani aliandika alichosikia kwa herufi za kwao: Bushiri ni Buschiri, Juma anaweza kuwa Djuma au Dschuma, Yusufu anaanza na J. Ukitafuta kwa tahajia ya leo unampita mtu wako. Nilitengeneza jedwali la tahajia zote zinazowezekana kwa kila jina, na hilo jedwali naona kila mtafiti analihitaji kabla ya kupanda basi. Sababu ya pili ni mwandiko. Ule mwandiko wa zamani wa Kijerumani hausomeki hata na mwenye Kijerumani kizuri cha leo. Transkribus, programu ya kompyuta ya kusoma miandiko ya mkono, ilisaidia kurasa zilizoandikwa kwa utulivu, ikashindwa kwenye maelezo ya pambizoni, na ya pambizoni ndiyo yenye majina.

Sababu ya tatu ni ya upande wetu. Kiswahili cha herufi za Kiarabu cha zamani hakikuwa na alama za kutosha kwa sauti kama p, g na ch, na mara nyingi m na n za mwanzo wa mb na nd hazikuandikwa. Barua mbili za kasha letu zina jina moja ambalo watu watatu wamelisoma kwa namna tatu.

Na majina yenyewe yanajirudia. Mji wa pwani wa karne ya 19 una Salim bin Said wangapi? Bila nisba, bila mtaa, jina peke yake halikuambii kitu.

Kilichopatikana ni kitabu cha wilaya cha enzi ya Mwingereza, chenye maelezo ya majumbe na historia ya mji, kizuri kwa kuelewa mazingira. Na bila kutoka nyumbani, picha za makusanyo ya kikoloni ya Chuo Kikuu cha Frankfurt na mkusanyo wa Winterton wa Northwestern, Marekani, zinaonekana bure kwenye intaneti. Tafuta kwa jina la mji, kisha soma mapaa.

Gharama: malazi, nauli za mjini na nakala Sh 118,000.

21 Oktoba 2023: Hati ya 1304 inasomwa

Hati tuliipeleka kwa mzee mmoja wa Tanga aliyewahi kufanya kazi na makadhi, mtu wa ilimu na subira. Sisi tulishatafsiriwa na kijana aliyesoma Kiarabu cha chuo, naye alituambia ni hati ya mauzo: nyumba imeuzwa kwa riale kwa mfanyabiashara wa Kihindi. Ukoo ukahuzunika. Ikawa maana yake nyumba ilishatoka mikononi mwetu 1887, na sisi tumekaa kwenye mali ya watu.

Mzee aliisoma polepole, akaweka kidole kwenye neno moja: khiyari. Hii ni bei khiari, akasema. Mwenye nyumba akihitaji mtaji, na riba ni haramu, anaiuza nyumba kwa mkopeshaji kwa sharti kwamba akirudisha fedha ndani ya muda walioafikiana nyumba inarudi kwake. Wakati huo anaendelea kukaa humo kama mpangaji, na kodi anayolipa ndiyo faida ya mkopeshaji. Pwani nzima ilikopa hivyo, wenye misafara ya pembe kwenda bara na wenye mashamba ya miwa kandokando ya Mto Pangani. Kwa hiyo hati ambayo kila mtu anaiita ya mauzo inaweza kuwa hati ya deni. Kisha akaigeuza. Nyuma, kwa mkono mwingine na wino mweusi zaidi, kuna mstari mmoja wa 1308, yaani 1890 au 1891: fedha zimepokewa, nyumba imerejea kwa mwenyewe. Deni lilichukuliwa kabla ya vita vya Bushiri na likalipwa baada yake.

Mwenyewe ni nani? Jina limeliwa na mchwa. Hapo ndipo mzee alipotupa ufunguo wa mradi mzima. "Mwanangu, acha jina. Shika mipaka."

Hati za kadhi hazitaji namba ya kiwanja. Zinataja pande nne na nani yuko kila upande. Yetu inasema: kaskazini njia iendayo pwani, kusini nyumba ya Mhindi wa Kibohora, na jina lake limeandikwa wazi kabisa, matlai, yaani mashariki, uwanja wa msikiti, maghribi, yaani magharibi, nyumba ya makuti. Kila jirani aliye na hati naye ametajiwa majirani zake. Kusini kwetu ni yule Mbohora. Basi kaskazini kwake ni sisi. Ikipatikana hati yake, jina la mwenye nyumba yetu limo ndani.

Tangu siku hiyo nimeliweka kando jedwali la majina ya wanaume na kuanza jedwali la pande nne.

Gharama: nauli na zawadi ya mzee Sh 70,000. Mzee alikataa malipo.

10 Februari 2024: Jirani wa kusini

Kwanza tulitaka kuthibitisha kwamba nyumba ya kusini ya leo ndiyo ya 1304. Wenyeji wanaiita "ya Msajili", na hilo lilitosha kuwa mwanzo. Sheria ya 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na 1990 kazi zake zikaunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba iliyopita mkondo huo huwa na jalada, na jalada huwa na ramani.

Ofisi ya kwanza niliyoiendea ilinizungusha kwa miezi, barua mbili zikapotea, na mtu mmoja akaniambia waziwazi nitoe kitu kidogo. Sikutoa. Nilianza upya kwa barua ya mwenyekiti wa mtaa, nakala ya ile karatasi ya ukoo na maelezo ya mistari mitano ya ninachotafuta, nikaigongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu. Barua yenye muhuri wa mapokezi haipotei kirahisi. Nikaruhusiwa kuona ramani bila kuinakili, nikaichora kwa penseli.

Ramani inaonyesha kiwanja cha kusini, umbo lake, njia, na mstari wa mpaka unaoshikana na ukuta wetu. Umiliki wa kabla ya kutaifishwa unarudi nyuma kwa warithi wa mtu mwenye jina lilelile la kwenye hati yetu.

Kwa wenye viwanja vya zamani: msishangae mkikuta karatasi ya umiliki wa kudumu imegeuka kuwa ya kupanga kutoka serikalini. Sheria ya 1963 ilibadilisha umiliki wa aina hiyo nchi nzima. Hilo peke yake halimaanishi mtu alinyang'anywa.

Gharama: nauli, barua na mihuri Sh 96,000.

6 Julai 2024: Kilimani, Unguja

Pwani ya Mrima, ambamo Pangani imo, iliendeshwa na Sultani wa Zanzibar mpaka 1888, na Wahindi raia wa Uingereza waliandikisha mikataba yao kwenye ubalozi mdogo wa Uingereza Unguja. Kwa hiyo nyaraka za nyumba ya Pangani zinaweza kuwa Kilimani, kwenye Nyaraka za Zanzibar. Kibali cha utafiti cha Bara hakitumiki huko, andika mapema.

Niliomba vitabu vya usajili vya miaka ya 1885 mpaka 1889 na kufuata jina la Mbohora tu. Jina la Kihindi kwenye kitabu cha Mwingereza lina tahajia chache, linapatikana. Hati yake ya 1305 ilikuwepo, ameiweka nyumba yake rehani kwa tajiri wa Unguja. Mpaka wa kaskazini umeandikwa: nyumba ya mwanamke, jina lake moja, na badala ya "binti fulani" pameandikwa kuwa ni huru wa fulani, mwenye nisba ileile tunayoitumia sisi.

Nilisoma mstari ule nikaenda kumwita mtunza nyaraka ausome naye, bila kumwambia nilichokuwa natafuta. Akasoma vilevile.

Maana yake ni nzito. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke aliyewahi kuwa mtumwa na akaachwa huru. Yule Mwarabu tunayemwita jadi yetu ndiye aliyemwacha huru. Mtumwa aliyeachwa huru alibaki na uhusiano wa walaa na bwana wake wa zamani, na mara nyingi alichukua nisba ya nyumba ile. Nisba yetu kwa hiyo imekuja kwa walaa, wala hakuna hati tuliyoiona inayosema imekuja kwa damu. Na ndiyo sababu orodha ya majina ya wanaume haikutufikisha popote: mama huyu hakuandikiwa jina la baba.

Tena, alikuwa na nyumba ya mawe mjini, akakopa kwa jina lake na, kama hati ya kasha ni yake, akalipa deni lote baada ya vita vilivyowafilisi wengi. Mimi nasema ni yake, kwa sababu mipaka inashikana na miaka inapishana mmoja tu. Lakini tundu la mchwa lipo, na kwenye kumbukumbu zetu nimeandika "yumkini sana".

Gharama: boti, malazi, ada na nakala Sh 385,000.

16 Novemba 2024: Kuwafikishia wazee

Hatua hii haina karatasi mpya na ilikuwa ngumu kuliko zote. Kwa mujibu wa makubaliano, nilikwenda kwa bibi na shangazi kwanza, bila kumpigia mtu simu. Nilisoma tafsiri mara mbili. Bibi alinyamaza, kisha akaanza kuuliza mambo ya kazi: wameandika jina gani? Nikalitaja. Akasema hilo si la nyumbani, nyumbani aliitwa jina jingine, na baba yake alikuwa akilitaja akipeleka sadaka ya ndizi na mkate wa mchele. Akasema alikuwa na minazi ng'ambo, Bweni, na kwamba kwao ni bara, mbali, walikokwenda misafara. Tulikuwa tumemhoji mara nyingi. Hakuna aliyemuuliza juu ya bibi wa baba yake, tulikuwa tunauliza mababu.

Ami mkubwa alikasirika. Alisema tumeuvua ukoo nguo. Sikubishana naye, na sitaki msomaji ambeze. Utumwa Tanganyika ulifutwa kisheria mwaka 1922. Baba yake ami alizaliwa miaka michache tu baadaye, kwenye mji ambao kila mtu alijua nani ni nani, na nisba ile ilimkinga. Aliyeificha siri alikuwa na sababu.

Nilichomwomba ni kimoja, kwamba tuweke karatasi kama zilivyo na kila tawi liamue lenyewe litasema nini kwa watoto wake. Alikubali nakala ibaki kwa shangazi.

Kwa mtafiti atakayekutana na haya: kuna barua za uhuru zilizotolewa na Wajerumani kati ya 1891 na 1912, karibu 52,000, na baadhi bado ziko kwenye makasha ya watu. Ukiikuta ya jirani wakati unatafuta yako, mrudishie mwenyewe na ufunge mdomo.

Gharama: nauli Sh 60,000.

25 Januari 2025: Nakala zimegawanywa

Kila tawi limepata bahasha: picha za hati, tafsiri mbili zikiwa pamoja, ile ya kijana na ile ya mzee, mchoro wa ramani, na jedwali la pande nne. Kwenye mti wa ukoo tumemweka yule mama juu kabisa, kwa majina yake yote mawili, la hati na la nyumbani. Pembeni tumeandika "huru wa fulani, 1305, mpaka wa kaskazini". Yule Mwarabu tumemchora kwa mstari wa nukta, na chini ya mstari tumeandika neno walaa. Baba wa watoto wake bado ni kisanduku kitupu, hatukukijaza kwa kubahatisha.

Mwaka wa kujengwa nyumba nao hatujaupata. Tunachosema kwa uhakika ni kwamba 1304 ilikuwa imesimama na ilikuwa na thamani ya kukopewa.

Kazi inayofuata ni upande wa matlai, uwanja wa msikiti. Kama uwanja ule ni wakfu, aliyeuweka wakfu aliandika hati, na hati hiyo ina mpaka wa maghribi. Imamu ameshakubali tuonane baada ya Idi. Chokaa ya ukuta wa pili nayo imelowekwa tangu Desemba, itapigwa mvua za masika zikipita.